Mbili Maana Yake Nipo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, birika halijachemka, Msumeno alimpigia Fundi simu akasubiri. Simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Akapiga tena. Ikaita, ikaita, ikakatika. Ukucha wa kidole gumba alikuwa keshauweka tayari pembeni ya simu, mfano wa mtu aliyeinua nyundo akakuta msumari umeondolewa.

Kwa mara ya tatu alisimama kabisa, kana kwamba kusimama kungeisaidia simu kufika mbali. Haikupokelewa.

Watu saba walikuwa wakisalimiana hivyo kila asubuhi. Wote saba walikuwa wamekatwa koromeo kwa ajili ya saratani, sanduku la sauti likatupwa huko linakotupwa, na wote saba walipumulia tundu lililoko chini ya shingo, pale wenzao wanapofunga kifungo cha juu cha shati. Mdomo ulibaki kwa ajili ya kula. Pua ilibaki pambo. Asubuhi wa kwanza humpigia wa pili, wa pili wa tatu, mnyororo ukaenda hadi wa saba. Kusema hawasemi. Unagonga simu kwa ukucha mara mbili, maana yake nipo. Mwenzako naye hugonga mara mbili, na mimi nipo. Ukiulizwa jambo, mbili ni ndiyo, moja ni hapana. Kwisha habari.

Kugonga huko kulitoka kiwandani. Miaka ishirini na sita Msumeno alipasua mbao mahali ambapo mashine hulia hadi mtu asisikie hata akiitwa na malaika, kwa hiyo waligongeana magogo: mbili, endelea; moja, simama. Huko ndiko alikopata jina, kwa kazi yake na kwa mdomo wake, maana ulikata ukienda na ukirudi. Huko huko ndiko alikomeza vumbi la mbao kwa miaka ishirini na sita, na mwenye kiwanda akawanunulia kitambaa cha pua mara moja tu, wiki aliyokuja mkaguzi. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno alikuwa hajawahi kuona huo msumeno ukimkata mwenye kiwanda.

Mkewe ndiye aliyeupeleka ugongaji huo kwenye kundi. Marehemu alikuwa na koromeo lake zima, lakini alihudhuria kila mkutano, akiwasemea wote, na mnyororo aliuandika yeye nyuma ya kalenda: fulani ampigie fulani. Msumeno alikuwa wa tatu, Fundi wa nne. Wa tano alikuwa Mwalimu.

Alilizima jiko. Chai haikumhusu tena.

Huenda kalala, alijiambia. Lakini Fundi hakuwa mtu wa kulala. Alikuwa mshona nguo, mjane kama yeye, na sare za shule zilimwamsha kabla ya jogoo. Huenda simu imeisha chaji. Lakini simu iliyoisha chaji haiiti. Juzi mkutanoni alikuwa akikohoa, kikohozi kikavu cha wiki nzima ya upepo na vumbi, na Msumeno alimwona akipitisha kidole chini ya kola kama mtu aliyefungwa kamba. Alimwonyesha kwa mkono: vipi, shemeji? Naye akatikisa mkono: achana nami, mzima.

Mzima! Marehemu mkewe naye alisema mzima. Miaka miwili iliyopita alianguka jikoni saa nne asubuhi, na Msumeno, mwanamume mwenye kifua kama mlango, hakuwa na sauti ya kuita hata paka. Alichukua mfuniko wa sufuria akaupiga ukutani, akaupiga, akaupiga. Jirani akafoka kutoka ng'ambo ya ukuta, "Jamani, hizo kelele! Hatuna amani kwetu?" Mpaka walipokuja kugomba ndipo wakaona. Hospitalini walimlaza kwenye benchi, wakaambiwa mkubwa wa zamu yuko kikaoni. Kikao kilikuwa cha kuboresha huduma. Kiliisha saa nane. Mkewe aliisha saa saba.

Kwa hiyo hakungoja apige mara ya nne. Alifunga kitambaa chake cha shingo, akavuta mlango, akatoka.

Kwa Fundi ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu wa pua. Kwa mtu wa tundu anayekwenda mbio ni safari. Hewa iliingia mbichi, kavu, na vumbi lake, ikamkwaruza kifua. Alishika kitambaa kisipepee. Kitambaa hicho alikishona Fundi, kama alivyoshona vya wote: kola ndefu ya pamba, mikunjo miwili mbele, vifungo vitatu vidogo pembeni. Ukikivaa unaonekana mtu mtanashati tu mwenye kuona baridi. Hakuna ajuaye una nini. Walikaa foleni, walipanda magari, walizika watu wao, na hakuna aliyewakodolea macho.

Na ndiyo maana ile habari ya kadi ilimkera.

Ilikuwa miezi miwili nyuma, katika chumba chao cha mkutano. Chumba chenyewe kilikuwa stoo, nyuma ya chumba cha dobi cha hospitali ya wilaya, ambako wakubwa walirundika viti vilivyovunjika miguu, wakaona na watu waliovunjika sauti wanafaa kukaa humo humo. Mwalimu, mwenyekiti wao, mstaafu mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi inakata, alikuja na bahasha. Yeye ndiye pekee aliyekuwa amejua kusema upya. Humeza hewa, akairudisha juu kama mtu anayecheua, na hiyo cheuo akaikunja mdomoni ikawa neno. Aliwafundisha wengine kila wiki. Msumeno alikataa katakata. Mtu mzima hacheui mbele za watu.

"Ka-di," alisema Mwalimu, akatoa moja. Ilikuwa nyekundu, ya kuning'iniza kifuani, imeandikwa kwa herufi kubwa: NAPUMULIA SHINGONI. USINIZIBE HAPA. "Ka-ma u-me-zi-mi-a."

Msumeno hakusoma mbali, darasa la nne lilimtosha, lakini siku hiyo chaki ilimtii. Aliandika kwenye ubao wake mdogo: MBUZI WA MNADA NDIO HUVALISHWA KIBAO.

Wakacheka. Kicheko chao hakina sauti: mabega hutikisika, na shingo hutoa fyuu, fyuu, kama matairi saba yaliyochomwa msumari kwa pamoja. Fundi alicheka hadi akajifuta machozi, halafu akachukua chaki. KAZI YANGU YOTE YA KOLA MKAITUNDIKIE KIBAO? Basi, hoja ikafa hapo. Mwalimu alizirudisha kadi katika bahasha moja moja, akizilinganisha pembe. Tangu siku hiyo yeye na Msumeno hawakutazamana usoni. Nafuu yao ni kwamba katika mnyororo, katikati yao alikaa Fundi.

Mlango wake ulikuwa umerudishwa tu. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya kundi: anayeishi peke yake haweki komeo, maana hawezi kuita wa kumfungulia. Msumeno aliusukuma.

Taa ya cherehani ilikuwa ikiwaka mchana kweupe. Chini ya sindano kulikuwa na mkono wa sare, umeshonwa nusu. Fundi alikuwa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani, kanga imemvuka begani, shingo wazi. Tundu lake lilikuwa likipiga mluzi mwembamba, kama birika lililo mbali, na kila mluzi ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia. Midomo ilikuwa rangi ya zambarau. Simu ilikuwa mita moja kutoka mkononi mwake.

Alimwona. Alinyanyua kidole, akagonga sakafu. Mara moja. Nguvu ya kugonga mara ya pili haikuwapo, au labda ile moja ndiyo aliyoikusudia: hapana, sipo.

Hapa Msumeno hakuhitaji daktari. Alijua ni nini. Makohozi yakikauka tunduni hufanya gaga, gaga likawa kizibo. Alitwaa chupa ya maji ya chumvi kwenye rafu, akadondosha matone mawili, akangoja, akadondosha mengine. Fundi akakohoa, mwili mzima ukaruka. Kwa kibanio chake cha kuvutia nyuzi, alichokiosha kwa maji hayo hayo, alivuta kipande cheusi kama ganda la mbegu. Mluzi ukashuka. Hewa ikaingia kidogo. Lakini kidogo tu. Nyuma yake kulikuwa na kingine, mbali, pasipofikika kwa kibanio cha nyuzi. Na mwili ulikuwa wa moto kama pasi.

Alitoka nje akapiga makofi.

Dereva wa teksi aliyepanga nyumba ya pili alikuwa akiosha gari. "MZEE SHIKAMOO! UNATAKA NINI?" alipiga kelele, maana watu wengi wakikuta mtu hasemi, humfanya kiziwi.

Msumeno alionyesha mlango, akaonyesha gari, akaunganisha viganja kama anayeomba msamaha.

"ANAKWENDA WAPI? MJINI?"

"We naye, acha kumpigia kelele, huyo anasikia kuliko mamako!" alisema mama mwenye nyumba, akitokea na fagio mkononi. Alichungulia ndani, fagio likamwanguka. "Uwiii! Mpangaji wangu! Washa gari, mwanangu, unashangaa nini?"

Walimwinua watatu. Na ndipo, mlangoni kabisa, kichwa chake kikiwa begani mwa Msumeno, Fundi akainua mkono mpaka shingoni, ukapapasa. Ukapapasa tena. Alikuwa akitafuta kola yake.

Msumeno alielewa. Nje watu walishaanza kukusanyika, mwenye ndoo, mwenye mswaki mdomoni. Miaka mitatu mama huyu ameishi hapa na hakuna aliyeiona shingo yake. Hata mama mwenye nyumba alijua tu kwamba mpangaji ana matatizo ya koo. Aibu yake ilikuwa amana mikononi mwa Msumeno. Kola ilikuwa imetundikwa kwenye gurudumu la cherehani. Akaichukua, akamfunga, kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, polepole, kwa heshima, kama anavyofungwa mtu wa watu. Alilegeza kidogo hewa ipite. Kisha wakatoka mbele za watu, na Fundi alikuwa ametimia.

"Nitawafuata, nifunge nyumba!" alisema mama mwenye nyumba. "Ukifika waambie ana koo! Koo la siku nyingi!"

Njia nzima Msumeno alihesabu pumzi. Kiganja alikiweka juu ya kola, akiisikia ikiingia na kutoka. Kwenye matuta ilipotea, ikarudi. "TUNAFIKA MZEE!" alisema dereva kila kona. Kola ilianza kulowa.

Wodi ya dharura ilikuwa na milango miwili ya kioo na mlinzi mmoja. Kitanda cha magurudumu kikaja haraka, Msumeno lazima akiri, siku hiyo kilikuja haraka. Muuguzi mnene mwenye saa kifuani alishika mkono wa Fundi, akambana kidole na kile kidude chenye namba ya hewa iliyomo damuni.

"Ana nini huyu?"

"Ana koo," alisema dereva. "Koo la siku nyingi."

"Sabini na nane! Oksijeni hapa!"

Wakaivuta barakoa ya plastiki na mpira wake, wakamvika Fundi. Puani na mdomoni.

Msumeno aliona jambo hilo kama mtu anayeona gogo likiteleza kuelekea msumeno na mkono wa mwenzie uko juu yake. Pua ile ilikuwa pambo! Mdomo ule haukuwa na njia ya kwenda kifuani! Walikuwa wakimpulizia hewa ukutani, na mlango wenyewe umefungwa vifungo vitatu. Kola sasa ilikuwa imelowa makohozi, inashikana na ngozi, inaingia tunduni kila akivuta.

Alimgusa muuguzi bega. Akaonyesha shingo ya Fundi.

"Ndiyo baba, tumesikia, koo. Tunalishughulikia. Ndugu wasubiri nje."

Alivuta ubao wake mfukoni. Haukuwapo. Ubao ulikuwa mezani nyumbani, kando ya birika. Akafanya ishara ya kalamu. Muuguzi mwingine, bila kumtazama, akasema, "Mambo ya kuandikisha ni dirisha namba mbili."

"Sabini na moja," alisema yule mnene. "Mbona inashuka? Ongeza oksijeni. Ongeza mpaka mwisho!"

Mlinzi akamshika kiwiko. "Mzee wangu, twende. Wakubwa wafanye kazi."

Milango ya kioo ikafungwa mbele ya pua yake isiyo na kazi.

Alijaribu kusema. Mara ya kwanza tangu akatwe, alijaribu ile ya Mwalimu: meza hewa, irudishe. Alimeza. Hewa ikaenda ikakaa tumboni kama jiwe. Akameza tena. Cheuo haikuja, na kila wiki aliyokaa nyuma kwenye vile viti vibovu, mikono kifuani, akiwadharau wenzake wanaocheuana majina yao, ilikuja ikasimama mbele yake. Akagonga kioo. Mbili. Mbili. Mbili.

"Mzee, acha fujo. Unataka maji ya kunywa?"

Miaka mitatu kundi lao lilikutana hatua hamsini kutoka mlango huo. Mwalimu aliandika barua nne kuomba nusu saa tu awaonyeshe wauguzi watu wa shingo hupumuaje. Barua zikalala kwa mganga mkuu, mganga mkuu akalala kwenye semina. Msumeno alikuwa na orodha ndefu ya watu wa kuwalaani, na alianza kuipitia hapo hapo, mmoja mmoja, mwenye kiwanda, mganga mkuu, mkubwa wa zamu aliyekuwa kikaoni, na kupitia kioo akamwona muuguzi akiibonyeza barakoa kwa nguvu zaidi juu ya uso wa Fundi, na mkono wa Fundi ukianguka pembeni ya kitanda. Orodha ikamkatika. Kola ile hakuifunga mganga mkuu. Kadi ile nyekundu hakuichekea mkubwa wa zamu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na hapa ilikuwa ni nguo yenyewe, na mkono uliofunga vifungo ulikuwa huu wake uliokuwa kwenye kioo.

Hakuna mtu nje ya kundi aliyewahi kuliona tundu lake, tangu mkewe afariki. Aliingiza vidole chini ya kitambaa akavuta. Vifungo vya Fundi havikushonwa vya kukatika. Alivuta mara mbili ndipo vikaruka, kimoja kikagonga kioo.

"Yesu na Maria!" alisema mlinzi akarudi hatua, na hatua hiyo ndiyo iliyompitisha Msumeno.

Aliingia na kikohozi. Kilimtoka shingoni na sauti yake ya bomba, na muuguzi wa karibu akaruka pembeni. Akaifikia barakoa, akaing'oa usoni mwa Fundi.

"Wewe! Mwendawazimu huyu! Mlinzi!"

Mlinzi alikuwa amemkumbatia kiunoni tayari. Msumeno alijishikiza kwenye chuma cha kitanda kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaiweka barakoa juu ya tundu lake mwenyewe. Akatoa pumzi. Plastiki ikafanya ukungu. Akavuta, ikang'aa. Akatoa tena, wote wauone ukungu, akiwatazama mmoja mmoja kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kisha akailaza juu ya kola ya Fundi, akapigapiga hapo kwa kidole. Hapa. Hapa. Hapa!



"Subirini," alisema daktari wa zamu, mwanamke mwembamba aliyekuwa akiingia na glavu mkono mmoja. "Subirini kwanza. Mwachie huyo baba." Akaikamata kola, hakufungua vifungo, akapitisha mkasi. "Mungu wangu. Ni wa shingo huyu! Tunampulizia wapi jamani? Leteni mashine ya kunyonya makohozi. Haraka! Oksijeni hapa, hapa!"

"Sitini na tatu," alisema muuguzi mnene, na sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa.

Hayo ndiyo aliyoyasikia mwisho. Walimtoa nje, safari hii kwa adabu, na pazia likavutwa.

Alikaa kwenye benchi. Lilikuwa benchi lile lile alilolazwa mkewe. Alilijua kwa ule ubao wake wa kati uliopasuka. Mbao mbovu, ya mti mchanga, aliyeipitisha alikula kitu. Shingo yake ilikuwa wazi na watu walikuwa wakitazama, mama mmoja akamgeuza mtoto wake upande wa pili. Mlinzi alikuja na kifungo kidogo kiganjani. "Chako hiki, mzee." "Nilidhani... basi tu."

Sitini na tatu. Namba hiyo ilimzunguka kichwani kama nzi.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alipoitazama, ilikuwa namba ya Mwalimu. Mnyororo ulikuwa umekatika, na wa tano, aliyesubiri kugongewa, alikuwa ameufuata kurudi nyuma. Kwa miezi miwili hawajasalimiana. Msumeno akaipokea, akagonga mara mbili.

"M-su-me-no?" Cheuo ya Mwalimu simuni ilikuwa kama chura kisimani.

Mbili.

"Fu-ndi. Ha-pi-gi. U-ko na-ye?"

Mbili.

Mwalimu alikuwa akimeza hewa. Ilichukua muda. "Yu ha-i?"

Msumeno aliinua ukucha. Mbili ni ndiyo. Moja ni hapana. Miaka yote mitatu lugha hiyo iliwatosha, mkewe aliipima akaona inatosha, lakini haikuwa na namna ya kugonga "sijui". Ukucha ukabaki hewani. Akigonga mbili naye Fundi amekwisha, atakuwa amesema uongo juu ya maiti. Akigonga moja, atakuwa amemzika mwenyewe.

"Go-nga, ndu-gu ya-ngu," alisema Mwalimu. "Yo yo-te. Go-nga."

Hakuweza. Mwalimu hakukata simu. Walikaa hivyo, wanaume wawili wasio na sauti, kila mmoja akiisikia shingo ya mwenzake ikivuta na kutoa.

Mlango ukafunguka. Alikuwa muuguzi mnene, kofia imekaa upande. "Baba. Wewe baba." Msumeno akainuka. "Hebu njoo. Tumetoa kitu kama kizibo cha chupa. Amefungua macho, lakini hataki kutulia, anapigapiga chuma cha kitanda, anapiga, anaacha, anapiga. Hatujui anataka nini. Labda maumivu?"

Msumeno alimpita karibu amwangushe.

Fundi alikuwa amelazwa kichwa juu, barakoa ndogo shingoni, uso umechujuka kama nguo iliyooshwa sana. Namba ilisema tisini na moja. Mkono wake wa kulia, wenye kidole gumba kilichoota sugu ya sindano, ulikuwa ukigonga ubavu wa kitanda.

Ko, ko.

Msumeno hakujibu kwanza. Aliinama akaiweka simu pale kwenye chuma, karibu na kidole, akangoja. Ko, ko. Simuni upande wa pili kulitoka fyuu ndefu, kama tairi la lori, na ikaendelea kutoka.

Fundi alimtazama Msumeno. Macho yakashuka mpaka shingoni mwake, kwenye tundu lililo wazi mbele za wauguzi wanne na daktari, yakaenda kwenye kipande cha kitambaa kilichoning'inia, yakaviona vifungo havipo. Akakunja uso, uso wa mshonaji aliyerudishiwa kazi imechanika. Msumeno akafungua kiganja, akamwonyesha kile kimoja. Kimoja? aliuliza Fundi kwa kidole. Viwili viko wapi?

"Waambieni wenzenu," alikuwa akisema daktari nyuma yao, akiandika. "Watu kama nyinyi ni lazima muwe na alama. Kadi, bangili, chochote. Nyinyi mnajua, sisi tutajuaje?"

Damu ilimpanda Msumeno. Nyinyi mnajua! Barua nne! Alitafuta kalamu kwa macho, aliiona mkononi mwa daktari, na maneno yote yalikuwa yamepanga foleni, yenye meno.

"Na-si-ki-a," alisema Mwalimu kutoka kwenye chuma cha kitanda. Wauguzi wakashtuka, wakaitazama simu kama iliyofufuka. Akameza hewa. "M-su-me-no. Zi-le ka-di. Ni-zi-le-te?"

Fundi alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala. Kidole kilikuwa kimetua juu ya chuma, kinangoja, naye hakukitumia. Alimwachia yeye.

Msumeno aliishika simu. Akamtazama daktari, ambaye hakuwa na habari ya barua yoyote, na glavu yake moja bado iko mkononi. Kisha akagonga mara mbili, haraka na kwa nguvu, kabla hajabadili mawazo.